PUMZIKO NI USINGIZI
(Mazungumzo mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Nimeombwa niseme juu ya uchovu wa marubani. Labda wengine watauliza, mambo ya angani yatuhusu nini sisi watu wa reli? Yatuhusu sana. Maua yanayokatwa mashambani hapa Thika hupakiwa katika ndege Nairobi, na rubani huyapeleka Ulaya sisi tukiwa tumelala. Yeye ni mtu wa zamu kama sisi.

Kwanza tufahamu kwamba uchovu si uvivu, wala hauondoki kwa chai ya rangi. Mwili una saa yake. Toka saa 8 usiku mpaka saa 12 alfajiri hutaka kulala, hata uwe mwili wa mtu hodari. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walipima watu waliokaa macho saa 17. Wakaona kwamba akili na mikono yao imepungua sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi dereva wa namna hiyo hukamatwa.

Sasa tazameni yaliyotokea. Tarehe 22 Mei 2010 ndege iliyotoka Dubai ilianguka Mangalore, India, wakafa watu 158. Chombo cha kunasa sauti kilionyesha kwamba kapteni alikuwa amelala muda mrefu njiani, hata akikoroma. Wakati wa kushuka msaidizi wake alimwambia mara tatu ainue ndege wazunguke tena, naye akaendelea kushuka. Hapa kwa jirani, mwezi wa Agosti 2022, ndege ya Ethiopia iliyotoka Khartoum ilipita uwanja wa Addis Ababa bila kushuka. Iliripotiwa kwamba marubani wote wawili walikuwa wamesinzia, wakaamshwa na king'ora. Ilitua salama.

Lakini habari inayotugusa zaidi ni ya Buffalo, Marekani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ilianguka huko, wakafa watu 50. Msaidizi wa rubani alikuwa na mshahara mdogo. Makao yake yalikuwa karibu na Seattle, na kazi yake Newark, upande wa pili wa nchi. Usiku wa kuamkia siku ile alisafiri mpaka asubuhi ili afike kazini. Kapteni naye alilala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wachunguzi walisema kosa kubwa lilikuwa namna kapteni alivyoiongoza ndege ilipopungua mwendo, lakini uchovu pia yaelekea uliwapunguzia uwezo wote wawili. Na katika karatasi za zamu, wote wawili walikuwa wamepumzika!

Jamaa za marehemu hawakunyamaza, wala vyama vya marubani. Tangu Januari 2014 sheria ya Marekani yataka rubani apate pumziko la saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Akisema amechoka mno, kampuni haina ruhusa kumrusha. Hata hivyo marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya sheria hiyo, kwa hoja ya gharama. Uchovu haujui kama nyuma kuna abiria au kuna maua.

Basi turudi kwetu. Mtu wa Thika amemaliza zamu Nairobi saa 4 usiku, atakiwa tena saa 12 asubuhi. Ofisi itahesabu pumziko la saa 8. Sisi tuhesabu vizuri. Safari ya kurudi, saa moja u nusu. Kula na kuoga, saa moja. Saa 9 u nusu usiku ameamka kutafuta gari. Kimebaki usingizi wa saa 3, kisha akabidhiwe gari moshi lenye mamia ya watu. Akikosea, itaandikwa "uzembe".

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yatupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hiyo ni haki yetu, lakini kifungu hicho hakihesabu usingizi kati ya zamu na zamu. Hilo hapana budi tulidai katika mapatano yetu.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kila mwanachama aandike katika daftari saa anayotoka nyumbani, anayorudi na anayolala, tupate ushahidi. Pumziko kati ya zamu lisipungue saa 10, na kwa akaaye mbali safari ihesabiwe. Asemaye "nimechoka, sifai kwa zamu hii" asiadhibiwe. Na sisi wenyewe tusiiuze siku ya mapumziko kwa kibarua kingine, kisha Jumatatu tukalaumu ofisi peke yake.

Wenzetu wa angani waliandikiwa sheria baada ya makaburi kuchimbwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuzibe ufa huu mapema.