Kolis yenye jina lako
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bel-Air

Sitakawia, wengine mnarudi mbali.

Mwaka jana jirani aliniletea mfuko: kilo 2 za bunga bwa muhogo, za mtoto wake kule Ohio. «Weye ulikaa Ulaya, unajua mambo ya posta.» Nikatia jina langu. Pa kuandika vitu vilivyomo, nikaandika paka «zawadi». Kolis ilirudi kiisha miezi, imepasuliwa. Nilikasirika sana, nikasema ni sisi tu njo banatuonea. Halafu nikauliza, nikakuta ni sheria.

Kule Marekani fentanyl ilikuwa inaua batu wengi. Ni dawa ya hospitali ya kutuliza maumivu, lakini miligramu 2 tu zinaweza kuua mtu. Nyingi ilitoka China, kwa posta, ndani ya bahasha ndogo. Makampuni kama DHL na FedEx yalikuwa tayari yanalazimishwa kutuma habari za mzigo mbele haujafika; posta za serikali, hapana. Wauzaji wakapita humo. Tarehe 24 Oktoba 2018 Rais Trump alitia sahihi sheria inayoitwa STOP Act: mizigo ya posta ya kutoka inje itanguliwe na habari kwa kompyuta, nani anatuma, nani anapokea, nini iko ndani. Mwisho wa 2020 ilipaswa kufika asilimia 100.

Je, fentanyl iliisha? Hapana. Mwaka 2019 China ilikaza sheria zake, biashara ikahamia Mexico, sasa inavuka mpaka ndani ya magari. Sisi wa njia ya Kasumbalesa, hiyo haitushangazi. Lakini sheria ya posta imebaki, na sisi pia iko inatukamata.

Maana yake, jina lako njo inafika kwanza, mzigo nyuma. Wakikuta kitu kibaya, watatafuta jina hilo. Na ule mfuko wa jirani, niwaambie ukweli, sikuufungua. Ilikuwa bunga. Nilibahatika.

Nanyi wafadhili mnaotutumia vitu kutoka Ubelgiji na Canada, «zawadi» haitoshi. Andikeni: vitenge 3 vya pamba, kilo 1.

Kuanzia Jumamosi ijayo, mwenye kutuma aje na mzigo wazi. Tutapima, tutaandika pamoja, na kila mtu atatia jina lake mwenyewe. Jirani nimeisha kumwambia. Alinuna kidogo, lakini jana ameleta kilo 2 zingine, mfuko haujafungwa.