Tusi la Kwenye Gemu Lina Bei Yake

Jioni moja Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, kijana anapigwa risasi. Hakuna damu: ni gemu ya Free Fire kwenye simu. Vidole vinakimbilia sehemu ya ujumbe, anamtukania mwenzake mama.

Mara nyingi tusi hugeuzwa nyota nyota. La Kimakonde laweza kupenya kichujio, ndipo kitufe cha kuripoti kinapofanya kazi. Mtukanaji anaweza kuzuiwa kuandika, kusimamishwa kwa muda, au kufungiwa akaunti kabisa, na almasi za gemu alizonunua humo zikapotea.

Nje ya gemu kuna serikali. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika nchini Tanzania Septemba 1, 2015, inakataza kumtusi mtu mtandaoni kwa sababu ya rangi, asili, utaifa au dini yake. Kwa anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumuumiza mwenzake kihisia, kifungu cha 23 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Msikilizaji, ukitukanwa usirudishe tusi. Piga picha ya skrini, ripoti, kisha mzuie aliyekutukana.