Ardhi, Sheria na Kiti cha Naibu wa Spika
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katibu wetu aliniandikia barua akinitaka niseme maneno machache juu ya kazi ya mbunge katika kutunga sheria, akaniachia mwenyewe kuchagua mfano. Nimemchagua Marehemu Jean-Marie Seroney, aliyekuwa mbunge wa Tinderet. Najua ya kwamba wako kati yetu watakaouliza kwa nini nisimchague mtu mwenye jina kubwa zaidi. Sababu yangu ni hii: katika maisha yake ya Bungeni zilikutana shida tatu ambazo hata leo hujaza vitabu vya malalamiko vya chama hiki, yaani ardhi, haki mbele ya sheria, na uhuru wa kusema.

Bwana Seroney alikuwa Mnandi. Alisomea ng'ambo, akahitimu kuwa wakili, naye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961, wakati mkoloni alipokuwa akifunga mizigo yake. Alikuwa upande wa KADU, chama kilichodai serikali za majimbo. KADU ilipovunjwa mwaka 1964 aliketi pamoja na wengine katika KANU, walakini hakuacha tabia ya wakili: kila mswada ulioletwa aliutazama kwa jicho la mtu anayetafuta tundu katika paa kabla mvua haijanyesha.

Kuhusu ardhi, hatuwezi kufahamu maneno yake bila kurudi nyuma. Wanandi walipigana na Waingereza miaka mingi, na mnamo Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen alipokwenda kufanya mazungumzo ya amani. Baada ya hapo watu waliondolewa katika sehemu nzuri za nchi yao, na baadaye majani ya chai yakastawi mahali ng'ombe wao walipolisha. Uhuru ulipokuja, mashamba ya Wazungu hayakurudishwa bure. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, yalinunuliwa kwa mikopo, na mwananchi aliyepewa kiwanja alipewa na deni pamoja nacho. Mwenye fedha aliweza kununua popote, awe wa huko au asiwe wa huko. Hapo ndipo Bwana Seroney aliposimama.

Mwezi wa Julai 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, lililosema ya kwamba ardhi ya huko ni haki ya Wanandi, likapinga wageni kumilikishwa. Alishtakiwa kwa uchochezi. Mimi, Bwana Mwenyekiti, sitaki kuficha maoni yangu: azimio lile lilikuwa na ukweli na hatari ndani ya kapu moja. Ukweli ni kwamba aliyenyang'anywa na mkoloni hakuulizwa wakati mali yake ilipouzwa mara ya pili. Hatari ni kwamba maskini aliyetoka wilaya nyingine na kununua ekari tatu kwa jasho lake si yeye aliyemnyang'anya mtu. Wengi katika ukumbi huu ni watoto wa watu wa namna hiyo, na baadhi yenu mwajua maana ya kufukuzwa usiku kutoka katika shamba lenye hati. Kwa hiyo sisemi tulifuate azimio hilo. Nasema swali lililoulizwa lilistahili kujibiwa Bungeni kwa hoja, na lilipojibiwa kwa mashtaka halikufa. Lilikwenda kujificha tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa hakika ndilo lililonifanya nimchague.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 wabunge walimchagua kuwa Naibu wa Spika. Ulikuwa mwaka mchungu. Mwezi wa Machi mbunge wa Nyandarua, Josiah Mwangi Kariuki, aliuawa, na mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, na taarifa yake ilipopigiwa kura ilipita kwa kura 62 dhidi ya 59. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, aliiunga mkono taarifa hiyo akapoteza uwaziri wake. Kila mtu aliona upepo ulikokuwa ukielekea.

Ilipofika tarehe 9 Oktoba, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema ya kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyokwisha kuuawa. Bwana mmoja wa upande wa Serikali akasimama akadai Shikuku athibitishe. Yafaa nieleze desturi hii kwa wasioijua. Mbunge akitoa neno la kulaumu, mwenzake aweza kutaka ushahidi, na mwenye kiti ndiye aamuaye: ushahidi utolewe, au neno lifutwe. Siku hiyo aliyekalia kiti alikuwa Bwana Seroney. Aliamua ya kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo dhahiri. Hayo tu. Hakutukana mtu, wala hakupiga kelele.

Tarehe 15 Oktoba 1975 yeye na Shikuku walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini. Rais Kenyatta aliwaonya wabunge kwa mfano wa mwewe aliye angani, tayari kuwashukia vifaranga.

Tazameni sasa jinsi sheria ilivyofanya kazi, maana hapa pana somo kwa kila mwenye kesi. Sheria ya haki za Bunge ilikuwapo, nayo ilisema ya kwamba mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa maneno aliyoyasema Bungeni. Wala Bwana Seroney hakushtakiwa! Alizuiliwa bila kesi, na mtu asiyepelekwa mbele ya hakimu hana pa kuionyesha kinga yake. Ukuta ulikuwa imara upande wa mlango, na nyuma hapakuwa na ukuta kabisa. Tena uwezo huo wa kumzuia mtu wakati wa amani haukuletwa na mkoloni peke yake. Bunge letu wenyewe liliurudisha kwa kuigeuza Katiba mwaka 1966, mswada ukipitishwa kwa haraka na watu ambao labda walidhani utawahusu wengine.

Niongeze neno dogo pembeni. Tangu Julai 1974 Bunge liliamriwa kuzungumza kwa Kiswahili peke yake, na mwaka uliofuata ikakubaliwa miswada iandikwe kwa Kiingereza. Basi mbunge alisoma sheria kwa lugha moja na kuijadili kwa nyingine, hata mwaka 1979 Kiingereza kiliporuhusiwa tena. Sijui ni vifungu vingapi vilipita bila kufahamika, lakini mzee wa kijijini akisikiliza mjadala wa siku zile aliweza kuufuata, na hilo si jambo dogo.

Bwana Seroney aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978 pamoja na wafungwa wengine wa kizuizini, Daniel arap Moi alipokuwa ameshika urais. Hakuketi tena Bungeni, akafariki mwaka 1982. Sheria ya kuzuia watu bila kesi iliondolewa mwaka 1997. Katiba ya 2010 imeulinda uhuru wa mjadala Bungeni katika kifungu cha 117, na mambo ya ardhi yamepewa sura nzima, pamoja na Tume ya Taifa ya Ardhi.

Ndugu wanachama, taarifa za mijadala ya Bunge huchapishwa, na mwananchi yeyote aweza kuzisoma. Naiomba kamati yetu itenge sehemu ya fedha za maktaba ili wanachama wenye mashauri ya ardhi wapate kuona mbunge wao alisema nini, au alinyamaza siku gani, mswada ulipokuwa mezani. Kiasi kinachohitajika Bwana Mweka Hazina atakisoma katika hesabu zake.