Mtoto wa Chomboni Hana Makosa



Vijana wenzangu, leo tuweke kando siasa za vyama. Nataka tuzungumze juu ya mtoto aliyepakiwa chomboni akaletwa nchi hii, na yaliyompata yeye na wajukuu zake.

Kama wewe ni wa Kwale au Kilifi, Wapemba unawajua. Pengine mlisoma madrasa moja, pengine dada yako ameolewa kwao. Wazee wao walikuja na mashua na majahazi kutoka kisiwa cha Pemba, wengi wakifuata samaki. Wavuvi wanaita kwenda dago: unatoka kwenu, unapiga kambi Shimoni au Vanga, unavua miezi kadhaa, halafu unarudi. Wengine hawakurudi. Waliita wake zao, na wake wakaja na watoto. Mtoto wa miaka minne hakuulizwa kama anataka. Alibebwa, akawekwa kati ya magunia na masufuria, akashushwa pwani ya huku.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana ndipo wengi wanapoteleza. Mtoto yule hakuja nchi ya kigeni. Kabla ya Uhuru, ukanda wa maili kumi wa pwani yetu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliusimamia tangu 1895 kwa mkataba, lakini bendera nyekundu ya Sultani ndiyo iliyopepea Fort Jesus. Aliyetoka Wete akaja Vanga alitoka kwa Sultani akafika kwa Sultani.

Oktoba 1963 Sultani aliuachia Kenya ukanda huo. Jomo Kenyatta aliandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, akaahidi uhuru wa dini na mahakama za Kadhi. Mahakama hizo ziko kwenye Katiba mpaka leo. Lakini upande wa uraia mambo yalikuwa magumu. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja kazaliwa Kenya, alikuwa raia moja kwa moja. Wengi wengine walitakiwa waende wajiandikishe, tena ndani ya miaka miwili. Hebu niambie, mvuvi anayelala baharini, asiyesoma Kiingereza, hiyo habari angeipata wapi?

Kisha kuna hili la tarehe. Uhuru wa Kenya ni 12 Desemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baadaye, na kuna familia zilizopanda vyombo zikakimbilia huku. Mwaka 2011 Bunge likapitisha sheria ya uraia, ikasema mtu asiye na uraia wa nchi yoyote anaweza kuandikishwa kama ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyekimbizwa usiku na mamake kwa sababu ya Mapinduzi amechelewa. Nafasi yenyewe iliwekewa miaka mitano, ikaongezwa mitatu, ikafungwa 2019.

Unajua maisha bila kitambulisho yakoje? Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata M-Pesa ni ya kuazima. Huna akaunti ya benki. Kibali cha kuvua ni taabu, na bahari ndiyo kazi pekee unayoijua. Ukiona gari la polisi unapita uchochoroni. Mtoto wako anafaulu shuleni, anafika pale kwenye kutakiwa karatasi, anasimama. Wengine waliamua kujificha nyuma ya kabila la jirani ili wapate kipande. Mtu anakana ukoo wake ili aruhusiwe kununua laini ya simu!

Januari 2023 Rais Ruto alitoa tangazo la kuwatambua Wapemba kama jamii ya Kenya, na Julai mwaka huo wakapewa hati zao Kilifi. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita tangu Uhuru. Haikuja kwa huruma tu. Wazee na vijana walihesabu watu wao, wakaandika majina, wakagonga milango ya ofisi. Na kabla yao Wamakonde walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, Oktoba 2016, kudai haki hiyo hiyo.

Na usidhani ni Kenya peke yake. Meli ya Empire Windrush ilifika Uingereza kutoka Karibi Juni 1948, na nyuma yake zikaja meli nyingine na familia nyingi. Watoto wengi walisafiri kwa pasipoti ya mzazi. Mwaka 2010 serikali ya huko iliziharibu kadi zilizoonyesha nani alifika lini. Baadaye watoto wale, sasa watu wazima wenye wajukuu, wakaambiwa walete ushahidi wa kila mwaka waliokaa. Wako waliofukuzwa kazi, wako waliorudishwa visiwani. Jambo lilipofichuka 2018, waziri Amber Rudd alijiuzulu.

Kwa hiyo wewe ufanye nini?

Kwanza, kaa na babu na bibi yako, washa simu, rekodi. Walikuja mwaka gani? Chombo cha nani? Walishukia wapi, wakapokewa na nani? Mzee akiondoka, shahidi wako ameondoka.

Pili, kusanya karatasi. Kadi ya kliniki, cheti cha shule, cheti cha ndoa cha Kadhi. Piga picha, weka nakala kwa watu wawili tofauti. Na mtoto akizaliwa, aandikishwe mara moja, tusingojee hadi afike darasa la mtihani.

Tatu, ukinyimwa kitambulisho usiondoke na jibu la mdomo. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya hati za usajili. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi haki yako inapoathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali. Omba barua, kwa adabu. Nenda na mtu wa kushuhudia. Usitoe hongo, na usibadilishe kabila lako.

Na wewe ambaye kitambulisho chako kiko mfukoni, jirani yako akiitwa kwa chifu kuhusu kitambulisho, nenda naye. Asubuhi moja tu ya kukaa naye kwenye benchi la chifu.