Sykes wa Huddersfield, Sykes wa Gerezani: Ubini, Damu na Kalamu ya Karani



Mhadhara huu umetokana na ramani. Katika kongamano moja huko Ulaya, mwenzetu bingwa wa takwimu alituonyesha jinsi ubini wa Kiingereza, Sykes, ulivyotawanyika duniani. Yorkshire ilikuwa imeiva kwa wekundu. Nukta zilimwagika kutoka hapo hadi Lancashire, zikavuka bahari hadi Marekani na Australia, na moja ikawa imekaa peke yake Dar es Salaam. Nikamuuliza ile imefikaje. Bila kusita akajibu: mlowezi aliyeacha watoto, hapana shaka. Akaendelea na ramani nyingine.

Wazee wa Gerezani na Kariakoo waliokaa mstari wa mbele wanacheka, na wana haki ya kucheka. Lakini jibu lile si la mtu mmoja aliyeteleza ulimi. Lina wanazuoni nyuma yake na lina vitabu, na ndiyo maana nimeamua kulishughulikia hadharani badala ya kulinung'unikia kwenye chai.

Historia ya ubini wa Kiingereza sitawachosha nayo. Majina ya kurithi yalienea kati ya karne ya 12 na ya 14. Mengine yametokana na kazi, mengine na baba, mengine na mahali. Sykes ni la mahali: wakaao karibu na kijito. Makao yake makuu ni vilima vinavyozunguka Huddersfield, magharibi ya Yorkshire. Mwaka 1890 daktari Henry Brougham Guppy alichapa kitabu kizima kuhusu makao ya majina ya Waingereza, na aliowahesabu ni wakulima tu, kwa hoja kwamba mkulima hahami. Mbinu ya busara, ila ina walakini: ukihesabu wasiohama, utapata kwamba majina hayahami.

Aliyetia nguvu mpya katika fikra hii ni marehemu Profesa Bryan Sykes wa Oxford, mtaalamu wa vinasaba. Kwanza nimpe haki yake, maana alikuwa mwanasayansi wa kweli na mwandishi mtamu. Aliulizwa kama ana udugu na Sir Richard Sykes, aliyekuwa akiongoza kampuni ya dawa ya Glaxo. Hawakuwa na udugu wowote waliokuwa wakiujua. Akapima, akakuta kromosomu Y zao, ile inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, zinafanana. Angekuwa mtu mwingine angepeana mkono na bwana yule na hadithi ikaishia hapo. Yeye akawatafuta wanaume wenye jina hilo katika Yorkshire, Lancashire na Cheshire, akapima 48, na mwaka 2000 akatangaza pamoja na mwenzake kwamba karibu asilimia 44 wana aina moja ya kromosomu. Hitimisho: akina Sykes wote wana mwanzilishi mmoja, aliyeishi miaka kama 700 iliyopita. Na wale wengine, zaidi ya nusu? Hao ni matunda ya watoto wa nje, kwa kiwango cha asilimia 1.3 kila kizazi.

Hapa naomba tukae kidogo.

Ile asilimia 1.3 haikupimwa. Hakuna aliyesimama mlangoni mwa nyumba za Huddersfield kwa miaka 700 akihesabu nani kalala wapi. Ilipatikana kwa kudhani kwanza kwamba mwanzilishi ni mmoja, kisha kuuliza usaliti wa kiasi gani ungehitajika ili nadharia ibaki imesimama. Halafu udogo wa kiwango hicho ukatumiwa kutushawishi kwamba nadharia ni nzuri. Nimefundisha mwaka wa kwanza muda mrefu, na mwanafunzi akiniletea hoja ya namna hiyo namrudishia karatasi yake.

Isitoshe, ukoo mmoja unaweza kutawala jina bila kuwa ndio ulioanzisha jina. Anzeni na watu kumi wasio na udugu, kila mmoja anakaa kando ya kijito chake, wote wakaandikwa Sykes. Mmoja akajaaliwa wana sita, mwingine akapata mabinti watupu, wa tatu akafa kabla ya kuoa. Baada ya vizazi ishirini hakuna wa kushangaa kwamba mstari mmoja umejaa na mingine imekauka. Francis Galton na mchungaji Henry Watson walilifanyia hesabu jambo hili tangu mwaka 1874, na Turi King na Mark Jobling wa Leicester walilirudia mwaka 2009 kwa vinasaba vya wanaume wengi wenye majina 40. Bahati ya kupata wana ni nguvu kubwa kuliko uaminifu wa wake. Kwa nini basi kila mwenye kromosomu tofauti ahesabiwe mtoto wa haramu? Wako wanaolelewa na baba wa kambo. Wako waliochukua jina la mama, au la mwenye shamba waliyemrithi. Na wako, hasa, wale ambao babu yao alikuwa Sykes mwingine kabisa, wa kijito kingine.

Tena waliopimwa ni wa wilaya tatu zinazopakana. Ni kosa la Guppy limerudi likiwa limevaa koti jeupe la maabara.

Timu hiyohiyo ya Leicester ilikuwa imekwisha kututolea mwaka 2007 kisa ambacho kila mwenye ramani angepaswa kukibandika ukutani. Mzungu mmoja mwenye ubini adimu wa Yorkshire, asiyejua kabisa kuwa na asili ya Afrika, alipopimwa alikutwa na kromosomu Y ya kundi la A1, ambalo kabla ya hapo lilikuwa likionekana kwa watu wa Afrika Magharibi. Wakatafutwa wanaume wengine wa jina lake. Kati ya 18 waliopimwa, 7 walikuwa nayo, na nasaba zao zikafuatiliwa hadi kwa mababu wawili waliozaliwa Yorkshire mwishoni mwa miaka ya 1780. Kwa hiyo kuna Mwafrika aliyeingia ndani ya jina la Yorkshire, wazao wake wakakaa humo, na hakuna aliyejua hadi maabara iliposema. Jina halikutunza kumbukumbu yake. Sasa geuzeni kisa hiki, mpate jina la Yorkshire lililoingia ndani ya familia ya Kiafrika, nanyi mtakuwa mmefika Gerezani, Dar es Salaam.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuzima vita vya Abushiri, alikodi Wasudani kutoka Misri na vijana kutoka Inhambane, Msumbiji. Hao wa Inhambane Wajerumani waliwaita Wazulu, jina lililobeba vumbi lote la vita vya Shaka na la dola ya Gaza, na wenyewe wakalishika. Mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka ule; askari wakabaki, wakaoa, wakazaa. Mwaka 1894 Mbuwane alipata mwana hukohuko Pangani, akaitwa Kleist, jina la Kijerumani. Baadaye mji utamjua kwa jina kamili la Kleist Abdallah Sykes. Baba alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa na askari mwenzake baba yake, Effendi Plantan, ambaye naye wanawe walibeba majina yaliyowatatiza makarani wa Kiingereza: Schneider, Thomas, Mashado.

Mlowezi wa Yorkshire yuko wapi hapo? Hayupo, wala damu ya Huddersfield haihitajiki popote katika masimulizi haya.

Tunayajua haya kwa sababu ya maandishi ambayo, kama ningeambiwa nikimbie moto na kitu kimoja kutoka rafu yangu, ndiyo ningeyabeba. Kleist aliandika habari za maisha yake kabla hajafa mwaka 1949. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akiwa mwanafunzi wa historia hapahapa Mlimani, aliyatumia kuandika makala iitwayo The Townsman, ambayo John Iliffe aliiweka katika kitabu cha Modern Tanzanians, Nairobi, 1973. Someni makala ile polepole. Inamfuata mtu kutoka Pangani hadi Dar es Salaam, kutoka jeshi la von Lettow-Vorbeck hadi ajira ya reli chini ya Waingereza, hadi biashara, hadi African Association ya mwaka 1929 ambayo yeye alikuwa katibu wake wa mwanzo. Uzuri wake kwangu ni kwamba Kleist hasimuliwi kama mtu wa kabila fulani aliyepotelea mjini. Ni mtu wa mji, kama kichwa cha makala kisemavyo. Anajua kuandika, anajua faili linavyotembea, anajua kwamba barua isiyo na saini haijibiwi. Mohamed Said naye, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, ametandaza habari za familia hii kwa upana kuliko mtu mwingine yeyote. Wanaomgombeza kwa siasa zake wangefanya vyema kwanza kumshukuru kwa nyaraka zake.

Angalieni sasa majina yenyewe yalivyopangwa. Sykes Mbuwane: jina lake, kisha la kwao. Mwanawe ni Kleist Sykes: jina lake, kisha la baba, kama tufanyavyo pwani yote. Mjukuu ni Abdulwahid Kleist Sykes: lake, la baba, la babu. Hadi hapo hakuna ubini. Kuna utaratibu wetu wa kawaida wa majina matatu, na kwa utaratibu huo kizazi kinachofuata kingemwacha Sykes, kiitwe fulani Abdulwahid Kleist. Haikuwa hivyo. Jina la askari wa Inhambane liligoma kudondoka. Abdulwahid na nduguze Ally na Abbas walikuwa Sykes, wana wao wakawa Sykes. Kleist wa pili akawa Meya wa Dar es Salaam kwa jina hilo, na Dully akaliimba kwenye bongo fleva. Mtaa wa Kipata uliokuwa na nyumba ya mzee leo ni Mtaa wa Kleist Sykes.

Kilichotokea kati ya mwana na mjukuu ni daftari. Kleist alikuwa mtu wa ofisi, na ofisi ya Kiingereza ilitaka neno moja la mwisho ambalo halibadiliki kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Anayetoa hati, anayelipwa mshahara, anayeandikisha watoto shule na kupokea barua za serikali, jina lake la mwisho huganda. Mvuvi wa Kunduchi wa wakati uleule hakuhitaji neno hilo, na wajukuu zake leo hawana ubini mmoja.

Mimi mwenyewe naitwa kwa jina la mtu ambaye hakuwa babu yangu. Baba alipelekwa shule na mjomba wake. Mwalimu aliyeshika daftari, mtu mwenye haraka na kalamu ya kuchovya, akamuuliza, "Umeletwa na nani?" Mtoto akajibu kwa adabu, kama alivyoulizwa. Likaandikwa. Ndilo lililoko kwenye cheti changu, kwenye paspoti na kwenye kadi ya mwaliko mliyoshika. Nikipimwa kromosomu, mtaalamu wa Oxford atamsingizia bibi yangu jambo ambalo hakulifanya.

Mtaniambia hayo ni ya Afrika, nchi ya madaftari ya wakoloni, na Yorkshire ni kwingine. Sikubali. Chanzo kinachoheshimiwa kuliko vyote na wachunguzi wa majina ya Yorkshire magharibi ni orodha ya kodi ya kichwa ya mwaka 1379, kijiji kwa kijiji, mtu kwa mtu, na kiasi alicholipa. Kodi ya kichwa! Wazee wangu hapa mbele hawahitaji kuelezwa. Nani aliyehitaji kujua huyu ni John yupi kati ya akina John wa bonde lile? Si mkewe, wala si jirani yake. Ni mtoza kodi. Akaangalia kijito, akaandika.

Limebaki swali la jinsi kijana wa Inhambane alivyokuwa Sykes kabla Wissmann hajamwona. Nimeyapima majibu mawili. Huenda ni jina la Kiafrika lililosikika vibaya na kuandikwa Kiingereza na makarani wa baadaye. Hoja hiyo si dhaifu. Inaelezea kwa nini lilikuwa jina lake la kwanza, si la mwisho. Lakini vijana wa kusini mwa Msumbiji walikuwa wakienda kufanya kazi Natal na katika migodi ya almasi ya Kimberley tangu miaka ya 1870, na huko waajiri waliwaandika kwa majina waliyoona rahisi: Jim, Sixpence, au jina la bosi mwenyewe. Nimezipima hoja zote mbili kwa haki, na bado naamini ni daftari la kazi la Afrika Kusini. Wenzangu wa idara wanajua kwamba juu ya hili sisogei.

Na mwenye ramani akirudi, nitamwonyesha orodha ya kadi za TANU za mwaka 1954. Nambari 2 ni Ally Sykes, nambari 3 ni Abdulwahid Sykes. Nambari 1 ni Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki: jina la baba, lililoandikwa nyuma ya jina la mwana, likagoma kudondoka, na leo wajukuu wanalibeba. Kadi tatu za kwanza za chama kile zina ubini wa aina moja, uliotengenezwa kwa njia moja, ndani ya vizazi viwili. Nyerere wa Butiama hajawahi kuulizwa na mtu yeyote ni mlowezi gani aliyemwachia jina.