KOFIA NA MKOROGO

(Mazungumzo ya Kamati ya Afya kwenye mkutano mkuu wa ushirika. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Kijana wetu mwenye ualbino, ambaye nyote mnamjua, alipakia machungwa juani msimu mzima kama sisi wengine. Alipotokwa na kidonda sikioni tulimwambia, aa, ni jua tu hilo, kitapona. Kikakaa miezi. Kikawa kinaota kigaga, kigaga kikibanduka damu inatoka. Mwishowe tukampandisha kwenye lori la machungwa mpaka Dar es Salaam. Daktari akasema ni saratani ya ngozi, akaikata. Tuliwahi, lakini tulikuwa tunacheza na maisha ya mtu.

Jamani, rangi ya ngozi siyo pambo. Weusi wetu unatokana na kitu kiitwacho melanini, nacho ni kama mwavuli: kinazuia miale mikali ya jua isiharibu ngozi. Mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo sana au hana kabisa. Siyo uchawi wala mkosi. Ni urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino. Saratani ya ngozi huwakata wengi wao wakiwa bado vijana, na kumbe inazuilika.

Tulipotoka hospitali tulipita Kariakoo kumtafutia kofia. Pale mitaa ya Kongo na Msimbazi kila kitu kipo. Kofia pana tukapata. Hatua chache mbele muuzaji akamwita mama mmoja wa msafara wetu: "Dada, paka hii, wiki mbili tu unatakata!" Mkorogo huo. Tukatazamana. Kijana wetu anatafuta mwavuli ambao hakuzaliwa nao, na sisi tuliozaliwa nao tunauziwa dawa ya kuuvua!

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini bado vinauzwa kwa kificho. Zebaki hupenya mwilini ikadhuru figo, hata mtoto aliye tumboni. Dawa nyingine za mkorogo huifanya ngozi iwe nyembamba, na kidonda kikawa kizito kupona. Fedha ya machungwa isiende huko.

Basi tufanye hivi:

1. Mwenye ualbino avae kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo nje. Avae pia mikono mirefu, na suruali au gauni refu, la kitambaa kizito.

2. Kazi za shamba afanye kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Katikati hapo akae kivulini. Mtoto akingwe tangu mgongoni kwa mama yake.

3. Apake mafuta ya kukinga jua. Yapo yaitwayo Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa huko KCMC, Moshi, kwa ajili ya wenye ualbino. Lakini mafuta hayaondoi haja ya kofia.

4. Kidonda kisichopona mwezi mzima, au kivimbe kinachokua, kionyeshwe zahanati mapema. Sisi weusi nasi tusijisahau: doa jeusi linalokua kwenye wayo au chini ya ukucha, na kidonda sugu juu ya kovu la moto, nalo ni jambo la kuonyesha. Zahanati itaelekeza hospitali kubwa, na ikibidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Dar es Salaam karibu na bahari.

Ndugu wanachama, wazee wetu mwaka 1973 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakajifunza kuwa Mtu ni Afya. Walichimba vyoo kwa pamoja. Sisi tunaomba jambo dogo kuliko choo: mkutano ukubali mfuko wa ushirika ununue kofia kwa kila mwenye ualbino kijijini, watoto kwanza, na ulipe nauli ya hospitali. Tena kijana wetu ahamishiwe kwenye mizani na daftari, ndani ya ghala. Hesabu anazijua kutushinda.

Na tuache kumwita zeruzeru. Ana jina lake.

Kamati ya Afya