Mapinduzi na Ufunguo wa Amana



Wazee wangu waheshimiwa, ndugu zangu wa Tororo na wa Busia zote mbili.

Nimetakiwa niseme juu ya swali waliloulizana sana vijana wetu tangu Juni 2024, vijana wenzao wa Kenya walipomiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha: Je, mapinduzi na mageuzi ya ghafula huiacha nchi katika heri au katika shari? Sisi wa mpakani hatuna haja ya kulitafuta jawabu mbali.

Tarehe 25 Januari 1971 jeshi la Uganda, likiongozwa na Idi Amin, lilimwondoa Rais Obote. Watu wengi walishangilia. Waislamu nao walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu, kwa kuwa tangu zama za ukoloni walikuwa wameachwa nyuma katika elimu na kazi za serikali. Mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu, na mwaka 1974 Uganda ikaingia katika jumuiya ya nchi za Kiislamu. Si haki kuyakana hayo.

Lakini Agosti 1972 Wahindi waliamriwa kuihama nchi kwa muda wa siku 90. Wengi walikuwa wazaliwa wa hapa hapa, na baadhi yao ni Waislamu wenzetu. Maduka yao yakagawanywa kwa watu wasioyajenga wala kuyanunua, na watu hao wakaitwa "mafuta mingi". Bidhaa zilipokwisha rafuni, duka likabaki tupu, maana aliyepewa ufunguo hakupewa pamoja nao ujuzi wa biashara wala kuaminiwa na wauzaji wa jumla. Sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Ndipo mpaka wetu ukawa njia kuu ya magendo: kahawa ikivuka usiku kwenda Kenya, na sabuni ikirudi kwa njia za panya.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yakamwondoa Amin. Wazee wetu walisema, mla cha mwenzio na chako huliwa. Lakini siku zile aliyekula na asiyekula walilipishwa sawasawa. Huko Sheema, katika Ankole, Waislamu wengi waliuawa mwaka huo, na miongoni mwao walikuwamo maskini wasiopata kutoka kwa Amin hata kibaba cha chumvi. Wala mlango uliovunjwa haukufungika upesi. Kwa muda usiotimia miaka saba walipishana kitini Lule, Binaisa, Obote na Tito Okello, hata Museveni alipoishika nchi Januari 1986. Maduka na majumba yale nayo, mengi yalirudishwa kwa wenyewe baadaye kwa njia ya sheria.

Atauliza mtu: Basi dhalimu aachwe? La, hasha. Mtawala afungaye kila mlango wa shauri ndiye awafundishaye watu kuuvunja. Wala si kila badiliko la ghafula ni ovu. Makka ilifunguliwa kwa siku moja mwaka wa 8 wa Hijra, na masanamu yakaondoshwa siku hiyo hiyo. Ila tazameni yaliyofanywa na ufunguo wa Al-Kaaba. Jamaa za Mtume waliutaka uwe mikononi mwao, naye alikuwa ameshinda, wala hapakuwa na wa kumzuia. Akamrudishia Uthman bin Talha, mshika ufunguo, na ukoo wake ndio waushikao hata leo. Batili iliondoshwa, haki ya mtu haikuguswa, na waliokuwa maadui jana wakasamehewa.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa. Mapinduzi yakiondoa dhuluma na kurudisha funguo kwa wenyewe, yaweza kuacha heri. Yakiondoa dhalimu mmoja na kugawa funguo za watu, yamebadilisha majina ya madhalimu tu, na deni lake watalipa watoto.

Tazameni pia yaliyodumu. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko kwa jirani zetu wa Mbale kiliazimiwa mwaka 1974, katika enzi ya Amin, lakini kilifunguliwa mwaka 1988. Kilichokisimamisha ni subira ya miaka 14 na mapatano. Aliyekuwa na nguvu mwaka 1974 hakuwapo tena nchini siku milango yake ilipofunguliwa.

Kwa hiyo, vijana wangu, daini haki zenu kwa ulimi ulio wazi, wala msiogope. Lakini ikitokea siku ya vurugu, hapa Tororo au Busia, asionekane Mwislamu akitoka katika duka la mtu na kitu ambacho hakukilipia. Awe mwenye duka ni Mhindi, Msomali, Mteso au Msamia, simameni mlangoni pake mkamlindie mpaka arudi, kisha mkabidhini ufunguo wake.